Mfupa uliopotea unaweza kujengeka tena?

Safari hii tunazungumza juu ya jeraha moja ambalo vita huliacha mwilini na ambalo mara nyingi watu hawalielewi: mfupa uliopasuliwa na risasi au bomu hata sehemu yake ikapotea kabisa.

Tuchukue mfano. Kijana amepigwa risasi ya mguu, chini ya goti. Jeraha la nje limepona na ngozi imefunga. Lakini ndani, sentimita nne za mfupa hazipo tena. Mguu unapinda mahali ambapo hakuna kiungo, naye hawezi kuukanyagia. Miezi inapita. Mke wake analima mashamba ya watu peke yake ili watoto wale. Jamaa wamegawanyika. Mmoja anasema daktari akate mguu, maisha yaendelee. Mwingine anasema apelekwe kwa fundi wa kuunga mifupa. Wa tatu amesikia kwamba ng'ambo kuna jiwe linalowekwa ndani ya mguu likageuka mfupa, na kwamba mwenye franka za kutosha anaweza kuletewa.

Huyu wa tatu hakusema uongo, lakini hakusema yote. Jiwe hilo lipo, na wataalamu wamelichunguza kwa zaidi ya miaka 50. Lakini lenyewe halijengi kitu. Linatoa mahali, na mwili ndio unaojenga. Likiwekwa mahali pachafu, panapotikisika, au pasipofika damu, linabaki jiwe tu. Kwa hiyo habari hii inawahusu hata walio mbali na hospitali kubwa. Yale yanayofanyika katika saa za kwanza, njiani na kambini, ndiyo yanayoamua kama baadaye daktari atapata mahali pa kujengea.

Mfupa ni kitu kilicho hai

Watu wengi hufikiri mfupa ni kama mti mkavu uliofunikwa na nyama. Sivyo. Mfupa una damu, una mishipa ya fahamu, na una wafanyakazi wadogo sana wasioonekana kwa macho, ambao wataalamu huwaita seli.

Kuna seli za aina mbili ambazo tunapaswa kuzijua. Za kwanza ni wabomoaji: zinakula mfupa uliozeeka au ulioharibika. Za pili ni wajenzi: zinaweka mfupa mpya mahali palipobomolewa. Kazi hiyo haisimami mchana wala usiku. Kwa mtu mzima, karibu sehemu moja ya kumi ya mifupa yake yote hufanywa upya kila mwaka.

Nyumba hiyo imejengwa kwa vitu viwili hasa. Kuna nyuzi laini zinazofanya mfupa usivunjike ovyo, na kuna madini magumu ya kalsiamu na fosfeti yanayoupa nguvu ya kubeba uzito. Ukipima mfupa mkavu kwa mizani, zaidi ya nusu ya uzito wake ni hayo madini. Tena mfupa haukujaa ndani kama chuma. Ganda la nje limeshikamana, lakini kwenye ncha, karibu na viungo, ndani ni kama sponji: vijiti vidogo vimepishana, na katikati kuna nafasi zilizojaa uboho na damu. Mama anayevunja mfupa wa ng'ombe kwa ajili ya mchuzi ameziona nafasi hizo mara nyingi.

Kwa nini pengo kubwa halijifungi?

Mfupa uliovunjika bila kupoteza kipande hujiponya. Damu hukusanyika pale ulipovunjika, kisha hujengwa daraja laini, kisha daraja hilo hugeuka kuwa gumu. Mfupa mkubwa wa chini ya goti huhitaji miezi mitatu, minne au zaidi. Fundi wa kuunga mifupa na daktari wa hospitali wote wawili wanategemea kazi hiyohiyo ya mwili.

Risasi ya vita hufanya jambo jingine. Inapita kwa kasi kubwa, inausaga mfupa vipande vipande, inaua nyama ya pembeni, na inaingiza ndani udongo na vipande vya nguo. Daktari analazimika kuondoa kila kilichokufa, pamoja na vipande vya mfupa visivyoshikamana tena na nyama hai. Hapo ndipo pengo linapotokea. Likipita sentimita mbili hivi, mara nyingi wajenzi wa upande huu hawawafikii wa upande ule. Nyama ngumu kama kovu inaingia katikati na kujaza nafasi, na mwili unaona kazi imekwisha. Mfupa haurudi tena wenyewe, hata mtu angengoja miaka.

Ni kama mto uliochukua daraja. Mafundi wapo kwenye kingo zote mbili na vifaa wanavyo, lakini hawana pa kukanyaga katikati.

Msaada wa kwanza: mfupa wako mwenyewe

Mpaka leo, kitu ambacho madaktari wanakiamini kuliko vyote kwa kujaza pengo ni mfupa wa mgonjwa mwenyewe. Wanauchukua zaidi kwenye nyonga, pale juu ambapo mtu hufungia mkanda. Wanatoa vipande vidogo vya mfupa ule wa sponji na kuvipanga ndani ya pengo. Mwili hauvikatai kwa sababu ni vyake, na vinaleta wajenzi walio hai.

Lakini nyonga si ghala lisilokwisha. Kwa pengo kubwa, mfupa wa kutosha haupatikani. Mgonjwa anabaki na jeraha la pili, nalo huweza kuuma kuliko la kwanza. Kwa mtoto au mtu aliyedhoofika kwa njaa, kuna kidogo zaidi cha kuchukua. Ndipo wataalamu walipoanza kujiuliza: je, tunaweza kutengeneza kitu kinachofanana na mfupa?

Jiwe lenye matundu lilitoka wapi?

Swali hilo ni la zamani. Mwaka 1892 daktari mmoja wa Ujerumani, Heinrich Dreesmann, aliandika jinsi alivyojaza mashimo ya mifupa kwa plasta, ileile inayotumiwa kufunga mguu uliovunjika. Mwaka 1920 Fred Albee wa Marekani alijaribu unga wa kalsiamu na fosfeti, yaani madini yaleyale ya mfupa.

Vita navyo vilisukuma kazi hii. Mwaka 1967 mtaalamu wa vioo na keramiki, Larry Hench wa Chuo Kikuu cha Florida, alikuwa safarini kwenda mkutanoni. Alikaa karibu na kanali wa jeshi la Marekani aliyetoka vitani Vietnam. Kanali alimweleza kwamba askari wengi waliokolewa maisha lakini walipoteza mikono na miguu, kwa kuwa vyuma na plastiki vilivyowekwa mwilini vilikataliwa. Akamwuliza kama anaweza kutengeneza kitu ambacho mwili utakipokea. Mwaka 1969 Hench na wenzake walipata aina ya kioo chenye kalsiamu na fosfeti ambacho mfupa ulishikamana nacho, badala ya kukizungushia kovu.

Wengine walitazama baharini. Matumbawe ni makao ya mawe yanayojengwa na wadudu wadogo wa baharini, na baadhi yake yana matundu yanayofanana sana na ya mfupa. Mwaka 1974 watafiti walionyesha kwamba matumbawe yakipikwa kwa joto na mgandamizo mkubwa pamoja na chumvi ya fosfeti, yanageuka kuwa madini ya mfupa na matundu yake hayaharibiki.

Siku hizi sehemu kubwa inatengenezwa viwandani. Njia moja haiko mbali na kazi ya mafinyanzi wetu. Unga wa madini unachanganywa na maji kama udongo mwembamba. Sponji inachovywa humo mpaka udongo uingie kila mahali, kisha inakaushwa na kuingizwa katika tanuru lenye joto la digrii 1200 hivi. Sponji inaungua na kupotea, na kinachobaki ni kigae kigumu chenye matundu mahali ilipokuwa. Kigae cha namna hii ndicho huitwa keramiki. Kwa kuwa kazi yake ni kushikilia ujenzi, sisi tutakiita kiunzi, kama miti ambayo mafundi huisimamisha ili wapande wanapojenga ukuta.

Kwa nini matundu?

Walio Goma na pembeni yake wanalijua jawabu hata bila kusoma. Mawe ya Nyiragongo yamejaa matundu. Miaka michache baada ya moto wa volkano kupita, majani huota juu ya mawe hayo, kwa sababu mizizi hupata pa kuingia na maji hupata pa kukaa. Juu ya sahani laini isiyo na tundu, hakuna mzizi unaoweza kushika.

Mfupa ni vilevile. Mwaka 1971 watafiti wawili, Klawitter na Hulbert, walionyesha kwamba mfupa huingia ndani ya keramiki ikiwa matundu yake yana upana wa moja ya kumi ya milimita au zaidi, yaani kuzidi kidogo unene wa unywele. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba matundu ya milimita 0.3 na kupita ni bora zaidi, kwa kuwa mishipa ya damu hupita kwa urahisi. Tena matundu yanapaswa kufunguka moja kwa jingine, kama vyumba vyenye milango. Chumba kisicho na mlango, hata kikiwa kikubwa, hakuna mjenzi atakayekiingia.

Kazi inakwenda hivi:

1. Daktari anasafisha pengo, anahakikisha hakuna usaha, na anakaza mfupa kwa vyuma ili usitikisike.

2. Anaweka kiunzi, ama kipande kilichochongwa kulingana na pengo, ama chembe ndogo kama mchanga mnene. Mara nyingi anazichanganya na mfupa kidogo wa nyonga au uboho wa mgonjwa.

3. Damu inaingia kwenye matundu, na mishipa midogo inaanza kuota kutoka pembeni.

4. Wajenzi wanafuata njia ya damu. Wanashika kwenye kuta za matundu na kuweka mfupa mpya juu yake.

5. Polepole, wabomoaji wanaanza kula kiunzi chenyewe, na wajenzi wanajaza nafasi yake.

Mkulima wa Kivu anayepanda maharagi yale yanayopanda juu ataelewa. Unasimika mti karibu na mbegu, na maharagi yanauzunguka mpaka juu. Mti hauzai maharagi, lakini pasipo mti maharagi yanatambaa chini na kuoza. Baada ya mavuno mti unaweza kuoza, kwa sababu kazi yake imekwisha.

Kasi ya kuliwa kwa kiunzi inategemea madini yake. Aina moja ya fosfeti huyeyuka kwa miezi mingi au mwaka mmoja na zaidi. Aina nyingine, iliyo karibu zaidi na madini ya mfupa wenyewe, hubaki ndani miaka mingi ikiwa imefunikwa na mfupa mpya. Daktari huchagua au huchanganya. Kikiyeyuka upesi mno, wajenzi wanaanguka kabla ya kumaliza. Kikichelewa mno, kinakalia nafasi ya mfupa.

Je, imewahi kufaulu kwa mapengo makubwa?

Ndiyo, lakini kwa watu wachache. Mwaka 2001 madaktari wa Ulaya walitoa habari ya wagonjwa watatu waliokuwa na mapengo ya sentimita 4 hadi 7. Walitengenezewa viunzi vya keramiki vilivyochongwa kulingana na mapengo yao. Seli za uboho wao wenyewe zilioteshwa kwanza maabarani, kisha zikapandwa ndani ya matundu. Wote watatu walirudia kutumia viungo vyao. Habari ya mwaka 2007, iliyokuwa na wagonjwa wanne, ilionyesha kwamba baada ya miaka sita au saba mfupa uliojengwa ulikuwa bado umesimama.

Kazi ya namna hiyo inahitaji maabara, pesa nyingi na muda. Kinachofanyika zaidi mahospitalini, hata katika nchi tajiri, ni kutumia chembe za keramiki kujaza mashimo madogo au kuongezea mfupa wa nyonga usiotosha.

Mahali keramiki inaposhindwa

Ni lazima kusema wazi, ili mtu asiuze mbuzi wake wa mwisho kwa tumaini la bure.

Keramiki yenye matundu huvunjika upesi kama chungu. Kadiri inavyokuwa na matundu mengi ndivyo damu inavyopita vizuri, na ndivyo nguvu yake inavyopungua. Haiwezi kubeba uzito wa mtu peke yake. Bila vyuma vya kuushika mfupa, mgonjwa akikanyaga itasagika.

Keramiki haipendi usaha. Vijidudu vinaingia katika matundu yaleyale yaliyowekwa kwa ajili ya wajenzi, na humo ndani dawa na ulinzi wa mwili havifiki vizuri. Mtu ambaye mguu wake unatoa usaha kwenye tundu la ngozi lazima asafishwe kwanza, mara moja au mara kadhaa. Kuna plasta maalum iliyochanganywa na dawa ya kuua vijidudu inayoweza kusaidia kujaza shimo lililokwisha kusafishwa, lakini haichukui nafasi ya kusafisha.

Keramiki haileti damu. Ikiwa nyama na ngozi iliyozunguka imekufa, ni lazima kwanza kuleta nyama hai juu ya mfupa.

Na mtu awe macho na wafanyabiashara wa matumaini. Hakuna unga wa kunywa, sindano ya sokoni, wala kidonge cha kalsiamu kinachojaza pengo la mfupa. Kalsiamu ni chakula kizuri cha mwili, lakini haijui njia ya kwenda kusimama katikati ya pengo.

Njia nyingine ambazo zimeokoa miguu mingi

Kukosa keramiki si kukosa msaada. Mara nyingi daktari wa vita huanza kwa vyuma vya nje: misumari inapita kwenye ngozi mpaka mfupani, na nje inaunganishwa na fimbo ya chuma. Watu huogopa kuvitazama, lakini ndivyo vinavyoshika mfupa wakati jeraha linatunzwa.

Kutoka hapo kuna njia mbili zinazojulikana sana. Ya kwanza ilitoka kwa Gavriil Ilizarov, daktari wa mji wa Kurgan, Siberia, aliyeanza katika miaka ya 1950 akiwatibu pia walioumizwa na vita. Anakata mfupa mzima kwa uangalifu mahali penye afya, kisha anausogeza milimita moja kwa siku kwa kukaza pete za chuma. Nyuma yake mfupa mpya unaota. Pengo la sentimita nne linahitaji siku 40 za kusogeza, na miezi mingine ya kungoja mfupa ukomae.

Ya pili ni ya Mfaransa Alain Masquelet, iliyoanza miaka ya 1980. Daktari anaweka saruji ya hospitali ndani ya pengo kwa wiki sita hadi nane. Mwili unaizungushia utando wenye damu nyingi. Kisha saruji inatolewa, na mfuko huo unajazwa vipande vya mfupa wa mgonjwa; pengine chembe za keramiki zinaongezwa ili zitoshe.

Na kuna wakati ambapo kukata ndilo shauri jema: mguu usio na damu, usaha unaotishia maisha, au mishipa ya fahamu iliyokatika kabisa. Mtu aliyekatwa vizuri na kupewa mguu wa bandia anaweza kurudi shambani mapema kuliko yule anayeshikilia mguu uliokufa. Goma kuna kituo cha Shirika la Umoja na Bukavu kuna Heri Kwetu, vinavyojulikana miaka mingi kwa kuwahudumia wenye ulemavu. Kukatwa si aibu, wala si adhabu.

Jamaa wanaweza kufanya nini?

Saa za kwanza:

- Zuia damu kwa kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi, bila kuachia. Damu ya mguu au mkono isipozuilika, funga kamba pana juu ya jeraha, uandike saa uliyofunga, na mkimbilie hospitali.

- Usisukume mfupa uliotokeza nje. Usiweke majivu, majani wala mavi ya ng'ombe. Mwagia maji safi, funika.

- Funga mguu kwenye vipande vya mti, kuanzia kiungo cha juu hadi kiungo cha chini ya mvunjiko. Usikaze sana. Tazama vidole kila mara: vikiwa baridi, vimebadilika rangi au havina hisia, legeza upesi.

- Mfikishe kituo cha afya haraka apate dawa ya kuua vijidudu na kinga ya pepopunda. Kila saa inayopita inawapa vijidudu nafasi.

Hospitalini, jamaa wengi hukasirika wakiona daktari ameacha jeraha la risasi wazi. Wanasema amempuuza mtu wao. Kumbe ndiyo kazi nzuri. Jeraha la vita likishonwa siku ileile, uchafu unafungiwa ndani. Daktari analisafisha, analiacha wazi, na baada ya siku nne au tano hivi, likiwa safi, ndipo analifunga.

Baadaye, mgonjwa ale vyakula vinavyojenga mwili: maharagi, soya, lengalenga, sombe, mayai yakipatikana. Sambaza na ndakala wanaoliwa pamoja na mifupa yao wana kalsiamu nyingi. Aache tumbaku, maana inachelewesha mfupa kuunga. Asikanyagie mguu kabla ya kuruhusiwa, wala asikae bila kusogeza viungo alivyoruhusiwa kusogeza. Na asiache kurudi kwa daktari kwa sababu tu maumivu yamepungua.

Mafundi wetu wa kuunga mifupa wanaheshimiwa na wamesaidia wengi waliovunjika bila jeraha. Tunawaomba jambo moja: palipo na tundu la risasi, au mfupa umeonekana nje, wampeleke mtu hospitalini siku ileile. Fundi anayejua mpaka wa kazi yake ndiye watu wanayemwamini.

Viongozi wanaweza kufanya nini?

Chifu wa grupema, nyumbakumi, wazee wa kambi, mama wa vikundi na viongozi wa vijana, mguu wa mtu unaweza kuwa mikononi mwenu kabla haujafika kwa daktari.

Panga kikundi cha kubeba tipoyi kutoka kila upande wa kambi, cha vijana waliokubali mapema kumbeba yeyote, bila kuuliza lugha yake wala jina la baba yake. Patana mapema na mwenye pikipiki. Jueni ni kituo gani kinapokea majeruhi na ni njia gani iliyo wazi. Mwanzoni mwa mwaka 2025, mapigano yalipofika Goma, hospitali ya CBCA Ndosho ilipokea mamia ya majeruhi kwa siku chache. Wakati kama huo, aliyefungwa mguu vizuri na kufika upesi ana nafasi kubwa kuliko aliyeletwa baada ya siku tatu.

Penye vizuizi barabarani, wakumbusheni wenye silaha kwamba Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inawataka wote wanaopigana, hata ndani ya nchi moja, wawaokote na kuwatunza majeruhi na wagonjwa. Hilo linamhusu raia, na linamhusu hata adui aliyeweka silaha chini.

Mwisho, msaidieni anayemwuguza. Matibabu ya pengo la mfupa huchukua mwaka mmoja au miwili. Wengi huacha katikati, si kwa kukata tamaa, ila kwa sababu hakuna anayewapikia watoto. Zamu ya majirani kwa shamba na maji inaweza kuokoa mguu kama vile kisu cha daktari.

Maswali ambayo watu huuliza

Je, keramiki hii ni mifupa ya maiti? Hapana. Nyingi hutengenezwa kwa madini matupu. Nyingine hutoka kwenye matumbawe au mifupa ya ng'ombe iliyochomwa mpaka yakabaki madini peke yake. Anayejali kwa ajili ya imani yake ana haki ya kumwuliza daktari.

Je, mwili utaikataa? Madini yake ni ya mfupa, kwa hiyo mwili huyapokea vizuri. Hatari kubwa ni vijidudu na kutikisika.

Jeraha langu ni la miaka mitatu. Nimechelewa? Si lazima. Pengo la zamani linaweza kutibiwa ikiwa pamesafishwa na damu inafika. Nenda na picha zako za zamani za mifupa kama unazo.

Ndugu wasomaji, turudi kwa yule kijana wa mfano wetu. Jamaa zake watatu wasigombane. Waende pamoja kwa daktari wa upasuaji, wamwulize maswali manne: Je, kuna usaha ndani? Je, damu inafika kwenye vidole? Pengo ni sentimita ngapi? Na sisi tuandae nini kwa mwaka mzima? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoonyesha kama ni mfupa wa nyonga, pete za chuma, jiwe lenye matundu, au mguu wa bandia. Njia yoyote itakayochaguliwa, aliyeumia asiachwe peke yake mbele ya hema.